Firigisi ya Jumatano ya Majivu

Anyona ni mwana wa marehemu shemeji yangu, na ni mrefu kiasi kwamba akisimama ukingoni mwa mlima pale Manga anaweza kukuambia leo kule Nyaramba wameanika nguo za rangi gani. Mnaguna? Haya, nendeni mkamwone. Wenzake wakichuma chai huinama mpaka migongo ilie. Yeye hupiga magoti, akatembea kwa magoti kutoka mchai hadi mchai, ndiyo maana suruali zake zote zina viraka hapo mbele. Mgeni akiviona husema, huyu mtu anasali kweli. Na hata hilo si uongo.

Kitu alichonyimwa ni sauti ya chini. Mungu alipokuwa akigawa minong'ono, Anyona alikuwa amepeleka majani kituoni. Akimwambia mkewe Ruth siri ya kitandani, asubuhi kijiji kizima kimeshatoa uamuzi. Kwa hiyo haya ninayowaeleza sikumpeleleza mtu. Nilikuwa nimekaa kwangu tu, na masikio yangu ni mazima.

Kwenye kigango chetu, kazi ya majivu ni yake. Jumatano ya Majivu, padri anapochovya kidole na kutuchora msalaba kwenye paji la uso, jivu lile limepita mkononi mwa Anyona. Yeye ndiye huchoma yale matawi ya mitende tuliyopunga Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, akayasaga, akachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto mchanga.

Sasa, padri hutangaza kila mwaka: waumini, rudisheni matawi yenu yachomwe. Na kila mwaka harudishi mtu. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu ya radi. Radi ya huku kwetu haina adabu. Kwangu iliwahi kuingia kwa mlango wa mbele, ikazunguka meza, ikanywa chai iliyokuwa kikombeni, ikatokea nyuma bila hata kusema asante. Kwa hiyo kila nyumba ya Mkatoliki hapa mlimani ina tawi la mtende lililochomekwa chini ya mabati, juu ya mlango, na mwenye nyumba atakupa mbuzi kabla hajakupa tawi hilo. Kila mmoja anajiambia, jirani yangu atapeleka lake.

Anyona alijua tabia yetu. Basi alikuwa na desturi ya kuficha mzigo mzima wa matawi darini, juu ya meko ya Ruth, tangu Pasaka mpaka Kwaresima. Mwaka huu mvua ilianza mapema na kuni zikalowa.

"Mama Valentine," nikamsikia Jumatatu jioni, na sisi nyumba zetu zimetenganishwa na migomba mingi, "mzigo wangu uko wapi?"

Ruth akajibu kitu ambacho sikukisikia, kwa kuwa yeye ni mtu wa kawaida.

"Ulipikia? Ulipikia maharagwe? Kwa matawi ya Bwana?"

Hapo Ruth naye akapandisha sauti. "Nilijuaje ni ya Bwana? Niliona majani makavu juu ya meko yangu. Kama Bwana anaweka vitu vyake, si aweke kabatini!"

Jumanne Anyona alizunguka kijiji kizima tangu umande. Alipiga hodi kwa Machogu. Machogu akasema angempa, lakini ng'ombe wa bondeni aliuawa na radi juzi, na mke wake ana mimba. Akaenda kwa Bosire. Bosire akasema tawi lake limeliwa na mchwa, na wakati anasema hivyo lilikuwa linaonekana juu ya kichwa chake, zima, la kijani kidogo. Alivyorudi mchana gambuti zake zilikuwa na udongo wa mashamba yote ya ukoo wetu, na mikono mitupu.

Simu ikalia akiwa barazani kwangu. Ni Padri Ombok, kijana wa upande wa ziwa, ambaye anahudumia vigango vingi kwa pikipiki moja.

"Mzee Anyona, majivu yako tayari? Nisibebe mengine?"

"Yako tayari, Padri," akasema Anyona.

Akaikata simu, akaitazama kama nyoka.

"Umemdanganya padri," nikamwambia. "Kabla tu ya siku ya toba. Umefanya vizuri, kesho utakuwa na kitu cha kutubu."

"Mama, usinicheke." Huniita mama, kwa sababu niliolewa na baba yake mdogo.

"Chota hapo mekoni kwangu basi. Jivu ni jivu."

"Jivu la ugali halimtubishi mtu!"

Nikamwacha anywe uji. Kisha nikasema, maana mimi mdomo wangu haujui kukaa na neno: "Kuna tawi moja ambalo hujaliomba. La mama yako. Bado liko juu ya mlango wake."

Akaweka kikombe chini. 

Lazima niwaeleze hapo, au hamtaelewa kitu.

Mama yake Anyona, ambaye tuliolewa naye boma moja, alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi tangu ujana. Mwana wake wa mwisho, Ondieki, alioa Kwamboka, binti wa Wasabato, akawa Msabato. Na kwa kuwa nyumba ya mama huku kwetu hubaki na kitinda mimba, mama aliishi na Ondieki, na alipozeeka sana, akashuka naye mtoni siku moja ya Sabato, akazamishwa, akaibuka Msabato. Anyona alipata habari akiwa kwenye chai. Alingoja. Mama alipofariki, Wasabato wakamzika kwa nyimbo zao, na katekista wetu hakupewa hata nafasi ya kufungua kitabu.

Siku ya kuzima moto wa matanga, Anyona alichota jivu la moto ule kwa konzi zake mbili, akalimwaga mlangoni pa nyumba ya mama, mbele ya ukoo wote. Akamwambia Ondieki: "Umemwiba mama yangu akiwa hai na akiwa amekufa. Chakula cha nyumba hii kisipite kooni mwangu."

Kwetu mtu akiapa kuhusu chakula, hilo si la mchezo. Jivu lenyewe mvua ilililamba jioni ileile. Kuku wakapita pale, mbwa wakapita, watoto wa nyumba zote mbili wakapita wakienda shule pamoja. Anyona peke yake ndiye hakupita. Wakati ule Valentine wake alikuwa anaanza sekondari. Leo Valentine ni mama wa watu. Siku ya harusi ya Valentine, Ondieki alisimama nje ya uzio na sahani mkononi kama mgeni wa mbali, akala amesimama, akaenda.

"Sitaweza," akasema Anyona barazani kwangu.

"Basi kesho tupakwe maji ya uji," nikamwambia.

Jumatano asubuhi alivaa koti lake la kanisani akateremka. Mimi nami nilikuwa natafuta kuku wangu aliyepotea. Kuku huyo hajawahi kupotea maishani mwake, lakini siku hiyo nilimtafuta kwa bidii mpaka nikajikuta uani kwa Ondieki, nimeketi juu ya kinu.

Ondieki alikuwa mlangoni. Ni mfupi, mpana, na mpole. Mama yao alimpa mkubwa urefu wote wa ukoo, mdogo akapewa kilichobaki na akakilaza upande.

"Bwakire," akasalimu Anyona, kutoka mbali, kama anayeuza kitu.

"Bwakire, mwana wa mama."

"Nimekuja kwa ajili ya tawi."

"Tawi gani?"

"La mama. Hilo lililo juu yako."

Ondieki akainua macho taratibu, kama anayeliona mara ya kwanza. "Hili ni la nyumba."

"Wewe ni Msabato. La nini kwako?"

"Radi huuliza dini?"

Kutoka jikoni Kwamboka akaangua kicheko, akakiziba na kanga. Nami nilikiziba changu na mkono.

"Nipe nikachome," akasema Anyona. "Watu wanangoja majivu. Sina mahali pengine."

"Mimi sifiki pale, unaniona nilivyo. Wewe unafika. Ila limepigwa msumari kwa ndani." Ondieki akasogea pembeni kuacha nafasi. "Na mtu hatoi kitu nyumbani kwa mwenzake akiwa amesimama kama askari wa baraza. Ingia, keti, ule, halafu uchukue tawi lako."

"Leo nimefunga. Ni Majivu."

"Umefunga leo," akasema Ondieki kwa ile sauti yake ndogo, "au umefunga tangu siku ile?"

Nilidhani Anyona atageuka. Mguu mmoja ulikwisha kugeuka. Kisha akainama, kwa kuwa milango yote humtaka ainame, akaingia.

Sasa Kwamboka alikuwa amemwona akiteremka mlima tangu juu, na ni nani asingemwona? Hata kabla hajafika, kuku alikuwa ameshachinjwa. Tatizo ni kwamba alimkamata wa karibu, na wa karibu alikuwa jogoo mkongwe, wa umri wa kuchukua kitambulisho. Alichemshwa mpaka kuni zikaomba msamaha. Na muda wote huo ndugu wawili walikaa ndani wakitazama mlango. Mmoja akasema mvua ni nyingi. Mwingine akasema ndiyo, ni nyingi. Baadaye mmoja akauliza kikohozi chako kilipona? Mwingine akasema kile kilipona, sasa kuna kipya. Mimi nikahamisha kinu changu karibu na dirisha, kwa sababu ya jua. Jua halikuwepo, lakini lingeweza kuja.

Chakula kikaja. Ugali wa wimbi, mweusi, unafuka. Mboga chungu. Na sahani ya kuku, na juu yake, imegeuzwa upande wa Anyona, firigisi.

Ninyi vijana mnanunua firigisi kwenye mifuko mjini, hamjui. Kwetu firigisi ni moja, na ni ya mwenye heshima mezani. Zamani sisi wanawake hatukuionja kabisa, ingawa mimi nilikuwa na njia zangu nikiwa jikoni. Ondieki angeweza kuila mwenyewe, ni nyumba yake. Kuiweka mbele ya kaka yake ilikuwa ni kusema, bado wewe ndiye mkubwa wangu.

Anyona aliitazama firigisi ile jinsi mtu anavyoutazama mto uliofurika. Akila, amekula nyama siku ambayo hata mlevi wa kigango chetu huacha nyama. Akila, kiapo cha mbele ya ukoo kimevunjika. Asipokula, atachukua tawi la mama yake atoke, na hakuna mtu atakayemwalika tena katika mlango ule, na wao wote wawili wana mvi.

Hakuna aliyemhimiza. Kwamboka alisimama ameshika jagi la maji ya kunawa, yanadondoka sakafuni, haoni.

"Mungu wangu," akasema Anyona, na nadhani alitaka kunong'ona, "unaona mwenyewe jinsi ilivyo."

Akaitia mdomoni.

Alitafuna. Akatafuna. Jogoo yule hakuwa amekubali kufa bado. Ondieki aligeukia ukutani akajipangusa macho, akasema ni moshi. Jiko la Kwamboka liko nje, upande wa pili wa nyumba.

Baada ya hapo walikula wote. Hata mimi niliitwa kutoka dirishani, kwani nilikuwa nimejificha? Ndipo Anyona akasimama, akanyoosha mkono, akang'oa msumari kwa vidole. Tawi lilikuwa kavu kama karatasi, kitu kinachoweza kuvunjika kwa kutazamwa. Walilichoma uani juu ya kipande cha bati, Ondieki akiziba upepo kwa mwili wake, na hiyo ndiyo siku upana wake ulipofaa. Likawaka mara moja, fyuu, likaisha. Jivu lilijaa kikombe kidogo cha kahawa, si zaidi.

Alasiri tulikuwa kanisani tukingoja. Padri Ombok alichelewa kwa sababu ya tope. Mwaka huu tope lilikuwa la kina hivi kwamba tuliona kwanza kofia ya pikipiki ikija peke yake barabarani, kisha padri akaanza kuonekana chini yake kidogo kidogo.

Anyona alimwendea mlangoni, kikombe mkononi.

"Padri," akasema, na waumini wote waliokuwa wamekaa wakageuka, "jana nilikudanganya. Majivu hayakuwepo. Na leo nimekula nyama."

Nyuma yangu mtu alisema, Yesu na Maria.

"Nyama gani?" akauliza padri, akikwangua tope kwenye mkono wa kanzu.

"Ya kuku."

"Ya kuku wa nani?"

"Wa Ondieki. Nyumbani kwake. Nilikaa mezani."

Padri Ombok si mtu wa huku, lakini habari ya ndugu wale wawili hata watu wa ziwani wanayo. Akaacha kukwangua tope.

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa ngumu sana, Padri."

"Basi sehemu ya toba umeshaifanya. Mfungo wa leo utaufunga kesho. Lete hilo jivu."

Katika mahubiri hakumtaja. Alisema maneno machache tu, kwamba jivu ni kitu ambacho kimekwisha kuwaka, na kwamba kuna watu wanapakwa usoni huku kifuani bado wana makaa wanayapuliza yasizime. Nikawaona Machogu na Bosire wakitazama viatu vyao. Kisha tukapanga foleni. Lile jivu la tawi moja likatupaka wote, wazee na watoto, na likabaki. Msiniulize liliwezaje, mimi sikusoma hesabu. Zamu ya Anyona ilipofika, padri alilazimika kujinyoosha, na Anyona akapiga magoti ili amfikie. Aliambiwa maneno yaleyale tuliyoambiwa sote, tubu na kuiamini Injili, na akajibu amina iliyotikisa madirisha.

Mkidhani habari imeishia hapo, hamumjui Ondieki.

Alhamisi asubuhi alipanda mlima, anahema, akaketi kwenye benchi barazani kwa kaka yake.

"Nimesikia unafunga leo kwa sababu ya jogoo wangu," akasema. "Basi nusu ya kosa ni langu. Tutafunga wote."

"Wewe? Wewe hata njaa ya kungoja chai ichemke huiwezi."

"Nitaiweza."

Kufikia saa nne tumbo lake lilikuwa linaongea Kiswahili. "Ninyi Wakatoliki," akasema, "mnajua kuua mtu polepole." Lakini hakuondoka. Walikaa wakichambua mbegu za maharagwe, Ruth akiwa ameenda sokoni Daraja Mbili na ndizi zake, nami nikawa nimekuja kuomba chumvi na nikasahau kurudi.

Mchana ulipokuwa mrefu, Anyona akauliza jambo lile bila kuinua kichwa.

"Ulimlazimisha?"

Ondieki alichambua maharagwe kadhaa kwanza. "Nilimsihi. Kila Sabato nilimsihi, mpaka akachoka nami. Hapo nilikosa, na nimelijua siku nyingi. Lakini siku ya kwenda mtoni alijivalisha mwenyewe. Alisema maji hayajawahi kumdhuru mtu, na akifika juu mlinzi wa lango akiwa wa huku au wa kule, yeye atapita tu."

Anyona akacheka kwa pua. Hayo yalikuwa maneno ya mama yao kabisa. Mimi mwenyewe ningeyaapia.

"Na rozari yake anayo huko kaburini," akaongeza Ondieki. "Kwamboka alimfungia mkononi, chini ya shuka, usiku wa kumvalisha. Wazee wa kanisa letu hawajui mpaka leo, na mama mdogo hapa hatasema."

Mimi? Kamwe.

Anyona aliacha maharagwe. Uso wake mrefu ule ukaanza kuharibika kutoka chini kwenda juu. "Ungeniambia, mwana wa mama. Miaka yote hii ungeniambia."

"Ningekuambia wapi? Ulikuwa umejaza mikono jivu."

Hawakukumbatiana, wazee wa kwetu hawafanyi hivyo. Anyona alichukua ungo wa mdogo wake, akaanza kumchambulia na sehemu yake, vibaya, akichanganya mbegu nzuri na mbovu, kwa sababu hakuwa anaona.

Ruth alirudi jioni, akawakuta wawili hao wamekaa bega kwa kiwiko, akasimama na kikapu kichwani mpaka nikamwambia atue. Aliingia jikoni, na baada ya muda harufu ya mboga na ugali ikatoka ikatukalia puani.

"Chakula tayari," akaita.

"Jua bado," akasema Anyona.

"Mimi ndiye wa kuulizwa habari ya jua," akasema Ondieki, akasimama, akaenda ukingoni akiwa ameshika tumbo. "Kila Ijumaa kazi yetu ni kulitazama likitua ili tuingie Sabato. Hakuna Mkatoliki atakayenifundisha jua."

Tukamtazama mgongo wake mpana. Mlima ulikuwa umeshaanza kuwa wa buluu.

"Limetua?" akapaza sauti Anyona.

"Bado."

"Ugali unapoa!" akasema Ruth.

"Bado. Lina ukucha mmoja."

"Ondieki!"

"Subirini... subirini..." Akageuka, na nimewaambia ni mtu mzito, lakini jioni ile alikuja mbio. "Sasa. Mama Valentine, tunawishe mikono, leo mimi nakaa karibu na sufuria."